Kujiandaa kwa GRE ukiwa Kampala: ninayowaambia wanafunzi wangu

Kabla hujalipa hata shilingi, fungua ukurasa wa idara unayotaka kuomba na usome masharti yao neno kwa neno. Si ukurasa wa chuo kizima, wa idara. Tangu 2020 idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, nyingine zimeifanya ya hiari, na nyingine bado zinaidai bila mjadala. Chuo kimoja kinaweza kuwa na idara mbili zenye msimamo tofauti kabisa. Ukiona maandishi hayaeleweki, mwandikie barua pepe mratibu wa masomo ya uzamili wa idara hiyo na umuulize swali moja tu: nisipotuma alama za GRE, ombi langu litapimwa sawa na la mtu aliyetuma? Ada ya mtihani ni dola 220 katika nchi nyingi, karibu shilingi 800,000 za hapa kwa viwango vya miaka hii. Sipendi kabisa kuona mtu anayeishi kwa mshahara wa ualimu au wa unesi akitoa fedha hizo kwa mtihani ambao hakuna aliyemtaka aufanye.

Mimi nafundisha hesabu sekondari, na jioni nakaa na wahitimu wanaojiandaa kwa mtihani huu katika chumba cha nyuma nyumbani kwangu Kikoni, jirani na Makerere. Wengi wao ni watu wa kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wengine ni Wakongomani waliosomea Uganda. Ndiyo maana mazungumzo yetu ni ya Kiswahili ingawa mtihani wenyewe ni Kiingereza kitupu. Mtu akieleza hesabu kwa lugha anayoipigia soga, pale asipoelewa panajitokeza haraka, na mimi nataka papatikane mapema.

Mtihani wenyewe ukoje

GRE hutungwa na ETS, shirika lenye makao yake Princeton, New Jersey. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa. Sasa unachukua saa 1 na dakika 58, na hakuna mapumziko katikati. Ukiwa na kitabu cha zamani kinachosema karibu saa 4 na insha mbili, maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi, ila mpangilio wake wa muda uachane nao.

Unaanza na insha moja ya dakika 30. Baada ya hapo kuna sehemu mbili za Kiingereza: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Za hesabu nazo ni mbili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Kiingereza kina alama zake kuanzia 130 hadi 170, na hesabu vivyo hivyo. Insha hupewa alama kati ya 0 na 6, kwa kupanda nusu nusu. Hakuna kufaulu wala kufeli. Idara ndiyo inayoamua alama gani inaitosha.

Alama hizo mbili usizisome kwa jicho moja. Anayepata 160 ya Kiingereza amewapita zaidi ya wanne katika kila watano waliofanya mtihani duniani. Anayepata 160 ya hesabu yuko katikati tu, kwa sababu wahandisi na wanahesabu wengi hukusanyika kule juu. Kwa hiyo mtu wa uhandisi mwenye 160 ya hesabu asilewe sifa, na mtu wa historia mwenye 158 ya Kiingereza asijidharau.

Sisi tuliosoma chini ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, tumelelewa na mitihani inayouliza ulichofundishwa. Unapewa silabasi, unapewa noti, unakariri, unapitia karatasi za miaka iliyopita, na kwenye hesabu unaonyesha njia kwa sababu njia ina alama zake hata jibu likikosewa. GRE haiulizi kama ulisomea famasia au sheria. Inakupa hesabu za Senior 4 (kidato cha nne) kushuka chini na vifungu vya Kiingereza kilichoshonwa vizuri, halafu inakubana kwa saa. Njia yako haina anayeiona. Kompyuta inapokea jibu tu. Mtu mwenye digrii ya daraja la kwanza anaweza kuchemsha vibaya akiujibu kama mtihani wa UNEB: anaanza swali la kwanza, anang'ang'ana nalo mpaka liishe, anaandika hatua zote kwa mwandiko mzuri, na saa inamwacha hapo hapo.

Jambo jingine ambalo hatukulizoea ni kwamba mtihani unabadilika kulingana na wewe. Kompyuta huangalia ulivyofanya sehemu ya kwanza ya hesabu, kisha inakuchagulia ugumu wa sehemu ya pili, na kwenye Kiingereza ni hivyo hivyo. Ukifanya vizuri, sehemu ya pili inakuwa ngumu zaidi, na alama za juu zinapatikana huko. Mwanafunzi asiyelijua hili huona maswali yamekaza, akadhani ameharibu, akavunjika moyo wakati alikuwa anakwenda sawasawa. Ndani ya sehemu moja maswali yote yana uzito uleule. Unaweza kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia, mradi hujatoka kwenye sehemu hiyo. Jibu baya halikupunguzii kitu, kwa hiyo usiache swali tupu hata moja, hata kama sekunde za mwisho unazitumia kubahatisha.

Hesabu

Hakuna trigonometria wala kalkulasi. Kuna sehemu (kama nusu na robo), asilimia, uwiano, vipeo na vipeuo, namba tasa, milinganyo, pembetatu na duara, wastani na mediani, uwezekano, na kusoma jedwali na grafu. Kuna kikokotoo kidogo kwenye skrini. ETS wenyewe wanatoa bure kijitabu cha kupitia hesabu zote zinazoweza kuulizwa; kinaitwa Math Review, kiko kwenye tovuti yao. Kipakue, nenda Wandegeya ukakichape na kukifunga, ni bei ya kawaida tu. Hicho ndicho kitabu cha kwanza, na mtu aliyeacha hesabu tangu Senior 4 akasoma HEG (historia, uchumi na jiografia) au lugha akimalize chote kabla hajagusa maswali ya mtihani. Waliosoma Sub-Math, lile somo dogo la hesabu la A-level, huwa wanadhani wako salama. Waanze na hicho hicho.

Kuna aina ya swali ambayo shuleni hatukuiona. Unapewa Idadi A na Idadi B, nawe unasema ipi ni kubwa. Chaguo ni manne na hayabadiliki kamwe: A ni kubwa, B ni kubwa, zinalingana, au haiwezekani kujua. Nichukue mfano ninaoupenda kwa siku ya kwanza. Tunaambiwa x² ni kubwa kuliko x. Idadi A ni x. Idadi B ni 1.

Karibu kila mtu chumbani huweka 2. Mbili kipeo cha pili ni 4, 4 ni kubwa kuliko 2, sharti limetimia, na 2 ni kubwa kuliko 1, basi jibu ni A. Hapo ndipo watu huingia mkenge. Swali halikusema x ni chanya. Weka -2. Kipeo chake cha pili ni 4, ambayo ni kubwa kuliko -2, sharti limetimia tena, lakini sasa 1 ndiyo kubwa. Umepata majibu mawili yanayopingana, kwa hiyo jibu ni la nne, haiwezekani kujua. Hukuhitaji kanuni yoyote. Ulihitaji kukumbuka kuwa duniani kuna namba hasi.

Kwa swali la namna hii wanafunzi wangu hujaribu namba kwa mpangilio uleule kila mara: sifuri, moja, hasi, namba iliyo kati ya sifuri na moja, halafu namba kubwa. Mara majibu mawili yakigongana, simama, umemaliza. Ukiona kila namba inakupa jibu lilelile, hapo sasa tafuta sababu kwa aljebra.

Mfano wa pili ni wa dukani. Bei ya kitu inapanda kwa asilimia 20, kisha inashuka kwa asilimia 20. Idadi A ni bei mpya, Idadi B ni bei ya awali. Moyo unasema zinalingana. Chukua shilingi 100: inapanda kuwa 120, halafu asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. B ni kubwa. Ule upungufu ulihesabiwa juu ya bei iliyokwisha kupanda. Maswali mengi sana ya asilimia kwenye mtihani huu ni jambo hilihili moja limevaa nguo tofauti, na swali la kujiuliza ni: asilimia ya nini?

Wastani wa mwendo nao huwakamata watu wengi. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Ukienda kwa kilomita 40 kwa saa na kurudi kwa kilomita 60 kwa saa, wastani si 50. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 1 na dakika 20. Jumla kilomita 160 kwa saa 3 na dakika 20, ambayo ni 48. Wastani wa mwendo ni umbali wote kugawanya kwa muda wote, basi.

Daftari la makosa

Kama kuna kitu kimoja ningependa uchukue kwenye maandishi haya yote, ni hiki. Nunua daftari la kurasa 96. Kila swali ulilokosa, na kila swali ulilopata kwa kubahatisha, liandike humo: swali lilitaka nini, mimi nilifanya nini, kwa nini, na nikiliona tena nitafanya nini. Maswali 20 yaliyochunguzwa hivi yanamfaa mtu kuliko maswali 200 ya kupiga vyema na vikosa na kusonga mbele. Nasema hivi kwa sababu nimeona wanaojaza vitabu vizima vya mazoezi na alama zao zikakaa palepale mwezi baada ya mwezi. Wanarudia kosa lilelile kwa bidii.

Nina mwanafunzi, nesi kutoka Koboko, mtu makini sana. Kwenye safu ya sababu alikuwa ameandika neno moja kila mahali: haraka, haraka, haraka. Nikamwambia, dada, haraka si sababu, hebu tuyasome tena swali baada ya swali. Tukakaa. Swali moja lilitaka nusu kipenyo cha duara, yeye alitoa kipenyo. Jingine lilitaka asilimia ya wagonjwa ambao hawakutibiwa, yeye alitoa ya waliotibiwa. Jingine lilitaka umri wa mtoto baada ya miaka 5, yeye alitoa wa leo. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi! Alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa, na watunzi wanajua hivyo, ndiyo maana lile jibu la katikati ya safari huwa limewekwa miongoni mwa machaguo likikusubiri. Tangu hapo, kabla ya kubofya jibu, anarudi kusoma mstari wa mwisho wa swali. Tabia hiyo ndogo ilimpandisha kuliko sura nzima ya jiometri.

Daftari hilo lisomwe kila Jumamosi kabla ya kuanza mazoezi mapya. Ukiona aina moja ya kosa imejirudia, wiki inayofuata ni ya kosa hilo.

Kiingereza

Kuna aina tatu: kusoma kifungu na kujibu, kujaza nafasi kwenye sentensi, na kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayoipa sentensi maana ileile. Kwenye kujaza nafasi, sentensi ikiwa na nafasi tatu lazima zote ziwe sahihi. Mbili kati ya tatu ni sawa na sifuri.

Watu hukimbilia orodha za maneno. Wanapakua maneno 3,000 na kuyakariri kama tulivyokariri jedwali la elementi. Mimi nasema hapana, au si hivyo. Maneno yajifunze ndani ya sentensi, machache kila siku, na kwanza yale unayodhani unayajua. Neno kama "qualify" kila Mganda analijua kwa maana ya kufuzu, lakini kwenye vifungu hivi mara nyingi lina maana ya kuiwekea kauli mipaka. Maneno ya namna hiyo yanawaangusha watu wetu kuliko yale marefu ya kutisha.

Nyingi ya sentensi hizi ni za mantiki kabla ya kuwa za msamiati. Nitakupa moja kwa Kiswahili uone: "Ingawa wenzake walimfahamu kama mtu ______, siku ile mkutanoni alizungumza saa nzima bila kupumua." Funika machaguo kwa mkono. Ile "ingawa" inakwambia nusu mbili zinapingana. Nusu ya pili inasema alizungumza sana. Basi nafasi inataka neno la ukimya. Sasa una neno lako mwenyewe, funua machaguo utafute linalokaribiana nalo. Ukianza kwa kusoma machaguo, kila moja litakushawishi. Zizoee ishara hizi za Kiingereza: zinazogeuza maana, zinazoendeleza, zinazotoa sababu. Zikiwa kichwani, hata neno moja au mawili usiyoyajua hayatakuzuia.

Kwenye swali la maneno mawili kati ya sita jihadhari na mtego mmoja. Watunzi huweka jozi ya maneno yenye maana moja ambayo hayaifai sentensi, na pia neno moja zuri kabisa lisilo na mwenzake. Lazima yapatikane mawili yanayofaa na yanayokubaliana.

Kusoma kifungu ndiko kunakochukua muda mrefu kukomaa, na hakuna njia ya mkato. Soma kila siku makala moja ndefu ya Kiingereza kuhusu jambo usilolipenda. Mhandisi asome juu ya uchoraji, mwanasheria asome juu ya bakteria. Gazeti la asubuhi halitoshi, kwa sababu sentensi zake ni fupi na hoja yake iko wazi. Baada ya kila aya jiulize mwandishi amefanya nini hapo: ametoa wazo la watu wengine? amelipinga? amekubali nusu? ameleta mfano? Usijiulize tu amesema nini. Maswali mengi yanataka ujue kazi ya sentensi ndani ya hoja. Na jibu sahihi lazima liwe na mahali pa kulionyesha kwa kidole kwenye kifungu. Kama unalitetea kwa unachokijua kutoka nje, hata kikiwa kweli, liache. Madaktari na wanasayansi ndio wanaoadhibiwa zaidi na kanuni hii, kwa sababu wanajua mengi.

Insha

Mliosoma A-level hapa mna msingi: General Paper, lile somo la kuandika insha za hoja. Ila General Paper ilitufundisha kupanga faida, kupanga hasara, kisha kumalizia kwamba pande zote zina ukweli. GRE wanataka msimamo wako, na wanataka uonyeshe ni katika hali gani msimamo huo ungeyumba. Soma maelekezo chini ya mada kila mara, kwa kuwa hayafanani. Mada moja itakutaka ujibu pingamizi, nyingine itakutaka ueleze matokeo ya sera.

Mada zote zinazoweza kutokea ETS wamezichapisha bure. Usiziandikie zote. Chagua mada, weka dakika 5, andika msimamo, sababu mbili, mfano wa kila sababu na pingamizi moja zito. Fanya hivyo mara nyingi, na mara chache andika insha nzima kwa dakika 30.

Mifano itoke kwenu. Wanafunzi wangu wengi huja na mifano ya Lincoln na Einstein, kila mtu anayo hiyo. Mada ikisema serikali iwekeze zaidi kwenye sayansi kuliko sanaa, sisi tunayo ya kwetu: mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa sanaa wakagoma. Mada ikigusa uhuru wa mtu na usalama wa wote, mwaka huohuo Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola. Mfano wa namna hiyo unaujua kwa undani, unaweza kuuchambua pande zote. Msomaji wa Marekani hajui UNEB wala Mubende, basi mpe sentensi moja ya utangulizi na uendelee.

Na jifunze kuchapa. Insha inaandikwa kwa kibodi ya kompyuta, na programu yao haikusahihishii tahajia. Mtu aliyezoea simu, ambayo humalizia maneno yenyewe, hupoteza dakika 10 kati ya 30 akitafuta herufi.

Kujisajili na siku yenyewe

Pasi ya kusafiria kwanza, kila kitu kingine baadaye. Majina kwenye akaunti yako ya ETS yafanane na ya pasi herufi kwa herufi, na jina la ukoo liwe lile pasi inaloliita la ukoo, hata kama vyeti vyako vya shule vimeyapanga kinyume. Kwetu, ambako ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, mpangilio huu hubadilika-badilika kutoka cheti hadi cheti. Njia ya kawaida ya kulipa ni kadi. Hakikisha mapema kadi yako inaruhusiwa kulipa dola mtandaoni na kiasi chake kinatosha.

Unaweza kufanyia kituoni au nyumbani. Tarehe na vituo utaviona kwenye akaunti yako. Kama kuna nafasi kituoni, mimi napendelea kituo, kwa sababu umeme na intaneti si mzigo wako. Ukifanyia nyumbani uwe peke yako chumbani na mlango umefungwa. Msimamizi anakuona kwa kamera muda wote na atakutaka uzungushe kamera aone chumba kizima. Masikio yaonekane, kwa hiyo dada zangu mnaovaa hijabu waandikieni ETS mapema kabla ya siku. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Tumia ubao mweupe mdogo na kalamu inayofutika, na mwisho utaufuta mbele ya kamera. Fanyia mazoezi kwenye ubao huohuo wiki mbili kabla. Laptopu yenye betri nzima, chanzo cha pili cha umeme, na mtaa usio na karakana ya kuchomelea wala spika za harusi. Wengine hukodi chumba kwa asubuhi moja, na ni fedha iliyotumika vizuri.

Kuna watu kwenye vikundi vya WhatsApp wanaouza maswali "yaliyovuja" au kujitolea kukufanyia. Waepuke kama ugonjwa. Alama zikifutwa, ETS hawakurudishii fedha, na jina lako linabaki na doa pale unapolihitaji zaidi.

Muda wa kujiandaa na kutuma alama

Mtu anayefanya kazi ajipe miezi minne: saa moja kila siku na asubuhi nzima ya Jumamosi. ETS wanatoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio iitwayo POWERPREP Online, inayobadilika kama mtihani halisi. Ufanye wa kwanza mwanzoni kabisa bila kujiandaa, ujue unapoanzia. Wa pili uutunze hadi wiki mbili kabla ya siku, uufanye saa ileile utakayofanya mtihani, bila simu, bila kusimama. Watu huimaliza yote miwili mwezi wa kwanza kwa hamu, kisha wanakosa cha kujipimia.

Ukimaliza mtihani utaona papo hapo alama zisizo rasmi za Kiingereza na hesabu. Za rasmi pamoja na insha hutoka baada ya siku 8 hadi 10. Siku hiyohiyo unaruhusiwa kutuma alama bure kwa vyuo vinne, kwa hiyo nenda na majina ya vyuo na idara zake kichwani. Ukituma baadaye unalipia kila chuo. Alama hudumu miaka 5, na ukiwa umefanya zaidi ya mara moja unaweza kuchagua zipi zionekane. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12.

Vyuo vingi hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Anayelenga Desemba 15 mimi humwekea mtihani wa kwanza mwishoni mwa Septemba. Matokeo yakija mapema Oktoba tunakaa na lile daftari, tunaangalia alama za idara anayoomba, na kama kuna haja ya kurudia anarudia Oktoba mwishoni au Novemba mwanzoni. Wakati huohuo awe ameshawaona wahadhiri wake watatu kuhusu barua za mapendekezo, kwa sababu hao nao wana mitihani ya kusahihisha Desemba, na barua isiyofika hakuna alama ya GRE inayoweza kuifidia.